Mwaka Yosefu Alipokataliwa Mlangoni

Shemeji Bonifasi tumemzika Jumamosi kule Usagara, na tangu siku ile sijapata usingizi wa maana. Si kwa ajili ya kifo chake. Mzee alikula chumvi, akaugua kidogo, akaenda. Kilichoninyima raha ni Tedi, binti yake, mtoto wa marehemu dada yangu Yustina. Watu walipokwisha kutawanyika, sisi wanawake tumebaki uani na masufuria ya msiba, Tedi alikuja akachuchumaa karibu yangu. "Mama mdogo," akasema, "mama alikufaje? Baba hakuwahi kuniambia. Kila nikimuuliza anasema alikufa vizuri, basi, anainuka anaondoka." Nikajifanya nahangaika na ukoko wa wali. Nikamtuma maji mengine. Mwanamke mzima, ana watoto wake, amenibebea swali la tangu utoto, na mimi namtuma maji! Nimerudi nyumbani nimekaa nalo. Kuongea siwezi, maana nikianza kulia simalizi, kwa hiyo naandika. Atasoma mwenyewe akiwa ametulia, yeye na wanawe.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo ambayo moyoni nilishayajua. Nikaletwa Pasiansi nimsaidie dada kazi "mpaka apate nguvu". Ndivyo nilivyoambiwa, na kwa ujinga wa umri nikajua nakuja kukaa mjini mwezi mmoja, nile samaki, nione ziwa, nirudi. Walikuwa wamepanga vyumba viwili kwenye nyumba iliyoegemea jiwe, yale mawe yetu ya Mwanza ambayo mtu akikosa kiwanja anajenga juu yake. Ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala ulikuwa jiwe lenyewe, bila lipu wala rangi, na mchana kutwa lilinyonya jua hata jioni ukiliegemea unashtuka. Chumba cha mbele kilikuwa na kochi moja, meza, kalenda ya parokia, na cherehani ya dada chini ya dirisha. Dada alikuwa fundi, tena fundi mwenye mdomo. Mteja akija na kitambaa kidogo akitaka gauni kubwa, anamwambia, "Mama, mimi nashona, siumbi." Watu walicheka, na wiki ijayo wanarudi. Sasa cherehani ilikuwa imefunikwa kanga, na mwenye nayo amelala nyuma ya pazia, mikono imekonda kama ya mtoto, tumbo limejaa na kung'aa kama la mjamzito wa mapacha.

Hospitali walisema ni ini. Kichocho cha utotoni, walisema, kile ambacho sisi sote wa kando ya ziwa tulikipata tukioga na kufua na kuchota, kilikuwa kimemkalia ndani kimya kimya miaka yote mpaka ini likaharibika. Walimtoa maji tumboni, akarudi amepungua, tukafurahi, tukapika wali. Haukupita muda maji yakajaa tena. Nakumbuka harufu ya chumba kile kuliko sura ya chumba chenyewe: dawa, jasho, kanga zilizolowa, na samaki. Shemeji alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, anakata minofu ya sangara inayopakiwa kwenda Ulaya, na sisi tunaobaki tunakula mapanki, yale mabaki ya kichwa na mifupa. Niliyakaanga mpaka yakawa makavu, tukala na ugali wa muhogo, na kusema kweli yalikuwa matamu. Lakini harufu ya samaki ilimtapisha dada. Kwa hiyo shemeji akitoka kazini haingii ndani. Anakaa uani, anajisugua mikono kwa majivu, kisha kwa ndimu, kisha kwa sabuni, anainusa, anarudia. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasuka na ndimu ilikuwa inamchoma, nilimwona anavyokunja uso. Huyo mtu alikuwa haongei! Unaweza kukaa naye siku nzima ukapata "ndiyo", "hapana" na "asante shemeji".

Dirisha la dada lilitazama njia ya kwenda bombani, na wanawake walipofika pale walipumzisha ndoo na midomo ikaanza kazi. Hawakujua, au hawakujali, kwamba ndani kuna masikio. "Tumbo vile si bure, kalogwa," mmoja anasema. "Kalogwa nini, huyo ana mdudu," anajibu mwenzake, maana miaka ile kila aliyekonda alibandikiwa ukimwi. Halafu siku moja nikasikia sauti ya tatu, ya upole kabisa, ikisema, "Yosefu yuko kwa nani sasa? Si wampeleke kwa Yustina?" Nilikuwa napepeta mchele. Ungo ukanikaa mkononi. Nikachungulia nyuma ya pazia kuona kama dada amesikia. Alikuwa amegeukia jiwe, macho wazi.

Wasiokulia kwetu niwaeleze. Jumuiya yetu ndogo ilikuwa ya Mtakatifu Yosefu, na ilikuwa na sanamu yake, kimo cha mkono hivi, rangi ya pua imebanduka, ameshika msumeno. Zamani, alipokuja, alipangiwa kuzunguka nyumba hadi nyumba kwa zamu, akae wiki, watu wasali rozari kwa mwenyeji, wanywe chai, ahame. Lakini Yosefu ni msimamizi wa kazi na wa familia, na tena ni msimamizi wa kifo chema, kwa sababu inaaminika alikufa Yesu yuko upande huu na Maria upande huu. Basi palipokuwa na mgonjwa mahututi watu wakawa wanamruka mwenye zamu, wanampeleka Yosefu kwa mgonjwa. Ikazoeleka hivyo. Mpaka mwaka ninaousema, zamu ilishakufa, na ukisikia "Yosefu amehamia kwa fulani", unaanza kuulizia nani ana maturubai. Hakuna aliyekusudia. Walikuwa watu wa sala, na walichotaka ni kumpa mgonjwa kitu kizuri kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, ambao ndio mwezi wake, niliwasikia wanapanda ile njia ya mawe wakiimba. Mbele alikuwa Mama Sesilia, mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene wa Kisukuma, mkarimu mpaka unaona aibu. Kifuani amekumbatia kitu kilichofunikwa kitenge. "Tumsifu Yesu Kristo!" akapaza sauti mlangoni. "Milele amina," nikaitikia, "shikamoo mama." "Marahaba, ng'wana wane," mwanangu, kama alivyozoea kuniita. "Tumekuja na mgeni." Nyimbo zikakatika, na katika ule ukimya sauti ya dada ikatoka nyuma ya pazia. "Anjela! Wamekuja na nani?"

Nikakiangalia kile kitenge.

"Nimekuuliza, wamekuja na nani?"

"Na jumuiya, dada."

"Na Yosefu?" Kisha hakusubiri. Sijui nguvu alizitoa wapi, mtu ambaye asubuhi alishindwa kushika kikombe. "Mrudisheni! Mrudisheni alikotoka! Nani kawaambia mimi nakufa? Nina mtoto wa miaka mitatu yuko Usagara kwa bibi yake, ananisubiri! Mpelekeni kwa wanaokufa!"

"Yustina mwanangu," Mama Sesilia akasema, "ni baraka tu."

"Jirani wa juu mlimpelekea baraka. Yule mama wa nyumba ya bombani mlimpelekea baraka. Wako wapi? Nawauliza, wako wapi?"

Jamani, aibu ile! Wanawake wanaangalia miguu yao, mmoja anafikicha rozari, mimi natamani jiwe linimeze. Shemeji akatokea uani, mikono inadondosha maji. Akasimama katikati ya mlango, akainamisha kichwa kwa heshima. "Mama, naomba msikwazike," akasema. "Mwenye nyumba amekataa." Hiyo ndiyo hotuba ndefu niliyopata kumsikia miezi ile. Mama Sesilia akamfunika Yosefu tena kwa kitenge, taratibu, kama mtoto aliyesinzia, wakashuka bila kuimba. Ndani dada alikuwa analia kwa sauti ambayo sikuijua, na nilipomsogelea alinisukuma kwa kiwiko.

Baada ya hapo nyumba ikawa kimya. Sisemi walitususia. Nadhani hawakujua waingie vipi. Ukishafika na Yosefu ukarudishwa, kesho unabisha hodi na nini? Lakini kwetu tuliokuwa ndani ilikuwa vilevile. Wale wa bombani sasa walipita bila kupumzisha ndoo. Alhamisi zikapita. Mimi nikabaki na watakatifu wangu mwenyewe. Nilisali novena kwa Mtakatifu Rita wa yasiyowezekana, nikamaliza, tumbo liko palepale. Nikahamia kwa Yuda Tadei. Nikambishia hodi Antoni wa Padua, ingawa yeye kazi yake ni vitu vilivyopotea, nikamwambia dada amepotewa na afya, atafute. Msicheke. Nilikuwa nimeshikwa pabaya. Mwisho nikaenda kanisani mchana, hakuna mtu, nikapiga magoti kwenye sakafu, nikamwahidi Mungu kwamba akimponya Yustina mimi naingia utawani. Niliahidi kwa moyo wote, na machozi, na nikaona kabisa jinsi nitakavyopendeza kwenye shela. Leo nina mume na wajukuu, kwa hiyo jibu nililopewa mnalijua. Nilitoka pale nikiwa na hasira na mbingu nzima, na sijui kama hasira ile yote imewahi kwisha.

Na nilimkasirikia shemeji. Simwoni na rozari, simsikii akisema hata "Bwana tusaidie". Anaamka, anabeba maji kwenye mawe, anachemsha, anamwosha mkewe mgongo na miguu, anambadilisha shuka, anaenda kazini, anarudi, anajisugua ndimu, anaketi kwenye kigoda kando ya kitanda na kumpepea kwa kipande cha boksi. Kesho hivyohivyo. Siku moja nikamvaa pale uani. "Shemeji, wewe husali?" Akaendelea kusugua vidole. "Nasali," akasema. "Maneno ndiyo sina." Nikaona ni jibu la mtu asiyejali. Jumapili ile padri alihubiri kuhusu Yosefu, kwamba katika Injili nzima hakuna hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Malaika anamwambia jambo usingizini, naye anaamka anafanya, yamekwisha. Nikanung'unika moyoni kwamba hata mimi naamka, kwani kuamka ni kitu gani? Nilikuwa msichana mjinga mwenye dada anayekufa, na nilitaka mtakatifu apige kelele.

Mama Sesilia ndiye aliyerudi wa kwanza. Alikuja peke yake, bila sanamu wala rozari, amebeba bakuli la michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ameyapika na karanga. Dada alikuwa anayapenda tangu utoto. Akala vijiko viwili, Mama Sesilia akafurahi kana kwamba amekula sufuria. Mimi nilikuwa uani napuliza mkaa, na mlango ulikuwa wazi, nikasikia kila kitu. "Tumekukosea, mwanangu," alisema Mama Sesilia. "Tumemfanya yule mzee wa watu kuwa tarishi wa misiba. Tumerudisha zamu. Sasa hivi yuko kwa wale waliopata mtoto, na akitoka hapo anaenda kwa yule kijana wa genge la nyanya." Dada akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayeogopa kikohozi. Halafu akauliza, "Mama Sesilia, wewe unaona nitakufa?"

"Mungu hashindwi na kitu."

"Nimekuuliza wewe. Sijamuuliza Mungu."

"Utapona, mwanangu. Tunasali."

Nikasikia kitanda kinalia, dada anageukia jiwe. Ndivyo tulivyokuwa wote. Nesi alisema utapona. Mimi nilisema utapona asubuhi na jioni, nikimpa uji, nikimshika kichwa anapotapika. Nilidhani ndiyo huruma. Kila tulipolisema neno lile macho yake yalitutoka na kwenda mbali, na mimi nikazidi kulisema, maana sikuwa na lingine.

Kisha akatapika damu. Sitaki kuieleza, beseni lilijaa, nami nikapiga kelele mpaka majirani wakaja, na wale wa bombani, waliosema kalogwa na ana mdudu, ndio walioshika pembe za blanketi kumshusha mawe yale. Hospitali walimwekea damu, wakamtuliza. Siku ya kuruhusiwa daktari alimwita shemeji pembeni ya korido. Nikasogea, najifanya natafuta ndala. "Mpelekeni nyumbani," daktari alisema. "Mpikieni chochote anachopenda." Kwa mtu wa kwetu hayo maneno hayahitaji tafsiri. Shemeji akasema, "Asante, daktari." Akaenda akamvalisha dada viatu. Njia nzima nilisubiri anung'unike, alie, aseme jambo. Alimshika tu kichwa kisigonge dirisha la gari.

Alifariki kesho yake ya ile siku ninayotaka kuiandika, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji. Kifo chenyewe sina la kukieleza. Alipumua, tukasubiri pumzi nyingine, haikuja. Ninayotaka kuiandika ni siku ya kabla yake. Jua lilikuwa kali, bati linalia, kwa jirani wanakaanga vitunguu. Shemeji alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, ameshanawa, amekaa kwenye kigoda na kipande chake cha boksi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye pazia na bakuli la uji. Dada akafumbua macho, meupe, makubwa, yametulia.

"Bonifasi."

"Naam."

"Nakufa?"

Nilishafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, nililizoea kama salamu. Shemeji akaweka boksi chini.

"Ndiyo, mama Tedi," akasema. "Ila mimi siondoki."

Nilitaka nimmwagie ule uji wa moto. Wallahi, mimi Mkatoliki niliapa hivyo moyoni. Nikaona amemuua, amemmalizia pale pale, mwanamume gani huyu asiye na roho! Yosefu wa Injili angalau alinyamaza. Nilimchukia kwa neno lile miaka mingi, nilimwamkia na kumpokea kwenye sherehe zangu huku nimelificha tumboni, na ni juzi tu, nikitazama jeneza lake linashuka, ndipo nilipogundua kwamba chuki ile sina tena na sijui iliniondoka lini. Lakini pale kwenye pazia nililishika bakuli kwa mikono miwili. Dada alimtazama mumewe. Nilisubiri apige mayowe kama siku ile ya jumuiya. Hakupiga. Uso wake ukalegea, mikunjo ya paji ikaachia mmoja mmoja.

"Kumbe unajua kuongea," akamwambia.

Halafu akalia, na shemeji akalia, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akilia. Ameinama, paji lake liko kwenye ule mkono mwembamba. "Nilikuwa naogopa peke yangu," dada alisema. "Mwaka mzima, Bonifasi. Nyie wote mnaniambia nitapona, naogopa peke yangu."

"Sasa tuko wawili."

"Tedi?"

"Nitamlea."

"Usimpige."

"Simpigi."

Wakakaa hivyo. Uji ukapoa mkononi mwangu, machozi yananidondokea ndani ya bakuli na sina mkono wa kuyafuta. Mara nikasikia sauti ya yule fundi wa Pasiansi, yule aliyewaambia wateja kwamba yeye haumbi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nifike. "Na wewe Anjela, umesimama hapo kama nguzo ya nini? Nenda kwa Mama Sesilia. Mwambie aniitie padri, nimekubali. Na huyo Yosefu wao amlete, ila asiniwekee kichwani kama mshumaa. Amweke pale mbele, juu ya cherehani, atazame watu wanaoingia."

Nikageuka kwenda.

"Ngoja kwanza! Lete maji ya uvuguvugu ninawe. Na lile gauni langu la kijani, liko chini kwenye sanduku, lipige pasi. Padri asije akanikuta nimevaa hili."

Nikaenda kuwasha mkaa wa pasi. Nyuma ya pazia nilimsikia anamwambia shemeji amwinue, anataka kukaa.